Jina Jema na Kisu cha Umeme: Wajibu Wetu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeitia methali hii maanani, na pengine tumepita kiasi. Tangu nijiunge na chama hiki nimehudhuria mijadala mingi kuhusu majina ya vitu. Je, tuseme tarakilishi au kompyuta? Rununu ni neno bora kuliko simu ya mkononi? Mdahalishi ulifia njiani kwa sababu gani, ilhali intaneti ikapokelewa na kila mtu? Nami nimechangia mijadala hiyo kwa ari, na siku moja nilikaribia kukosana na rafiki yangu mpenzi kwa sababu ya neno runinga. Siijutii mijadala hiyo. Hata hivyo, katika makala haya nakusudia kuibua suala ambalo, kwa kadiri ninavyokumbuka, halijawahi kuwekwa mezani katika vikao vyetu, nalo ni la zana za upasuaji zinazotumia umeme wa marudio ya juu, jinsi zilivyoundwa, na jinsi tunavyozieleza kwa Kiswahili.

Najua msomaji atauliza mwanafasihi anatafuta nini katika chumba cha upasuaji. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Kwa sasa naomba niseme hoja yangu waziwazi: chombo cha tiba hakikamiliki kiwandani. Sehemu ya mwisho ya usanifu wake hukamilishwa kwa maneno, pale mgonjwa anapoulizwa swali na kulijibu. Nchini mwetu, kwa wagonjwa wengi, maneno hayo ni ya Kiswahili. Nasi tulio na dhima ya lugha hii tumewaacha wauguzi na jamaa za wagonjwa wajitafutie wenyewe.

Niliyajua haya kwa aibu. Miaka miwili iliyopita shangazi yangu, mwanamke aliyepita umri wa miaka 60, alipangiwa kufanyiwa upasuaji wa rovu katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Rovu hilo lilikuwa limekua hata akawa halali chali, maana pumzi ilimbana. Kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa "msomi wa Kiswahili" katika ukoo, jamaa walinituma niandamane naye ili nimfasirie. Muuguzi alikuwa na fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wengine tisa au kumi wakimngojea. Aliniambia nimweleze shangazi kwamba daktari atatumia dayathemi, kwamba atabandikwa bamba la kuunganisha na ardhi, na nimwulize kama ana vipandikizi vyovyote mwilini. Kwa kweli yeye alitumia maneno ya Kiingereza. Hayo ya Kiswahili ni yangu, na lawama zake ni zangu.

Nilimwambia shangazi: "Watakupasua kwa kisu cha umeme. Halafu watakufunga waya wa ardhini."

Shangazi alinitazama kwa muda. "Stima?" akauliza. "Waniwekee stima shingoni?"

Nikajaribu kumtuliza kwa kumwambia kuwa stima hiyo haidhuru. Akanikumbusha kijana wa jirani yetu aliyeshika waya uliokatika baada ya mvua, na jinsi alivyozikwa. Kisha nikamwuliza kuhusu vipandikizi. Hapo akaudhika kabisa. "Vipandikizi vya uzazi, mwanangu? Kwa umri huu? Mwambie huyo binti sina." Nikamwambia muuguzi hana, naye akaandika hana. Hata hivyo, ilipofika zamu ya kutia alama ya kidole, shangazi alikataa. Tulirudi nyumbani kwa basi siku iyo hiyo, na nafasi yake akapewa mgonjwa mwingine. Ilichukua wiki tatu kupata nafasi nyingine. Katika wiki hizo tatu alilala akiwa ameketi, ameegemea mito.

Wakati huo nilikuwa nikiandika pendekezo la tasnifu yangu kuhusu taswira katika tenzi za kale. Niliweza kueleza tofauti ya sitiari na taashira mbele ya jopo la wahadhiri, lakini sikuweza kumweleza shangazi yangu kifaa kitakachomgusa shingoni.

Turejee kwenye kifaa chenyewe, kwa maana ndicho kiini cha jambo hili. Umeme unaoingia majumbani mwetu hubadilisha mwelekeo wake na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Mwendo huo huzichochea neva na misuli, na ndiyo sababu mtu aliyeshikwa na stima hukakamaa na moyo wake huweza kusimama. Mwaka wa 1891 mwanasayansi wa Ufaransa, Jacques-Arsène d'Arsonval, alionyesha kwamba marudio hayo yakizidi takriban 10,000 kwa sekunde, umeme waweza kupita mwilini bila kuikaza misuli. Kinachobaki ni joto. Mitambo ya upasuaji ya leo hutumia marudio ya kuanzia takriban 300,000 hadi milioni kadhaa kwa sekunde. Kwa kasi hiyo neva hazipati muda wa kuitikia. Hii ndiyo tofauti ambayo shangazi alihitaji kuijua, na ambayo neno "kisu cha umeme" liliificha. Kijana wa jirani na mgonjwa wa rovu hawakutishiwa na kitu kimoja.

Ufanisi wa zana hizi ulijulikana sana baada ya tarehe 1 Oktoba 1926, katika Hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani. Siku hiyo daktari wa upasuaji wa ubongo, Harvey Cushing, alitumia mtambo uliobuniwa na William Bovie kuondoa uvimbe wa fuvu ambao siku chache kabla alilazimika kuuacha kwa sababu damu ilitoka kupita kiasi. Bovie hakuwa tabibu; alikuwa amesomea fiziolojia ya mimea. Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa faida ya wale wanaodhani kwamba kila mtu abaki katika shamba lake.

Mtambo wenyewe una sehemu tatu kuu. Kuna jenereta inayozalisha umeme wa marudio ya juu. Kuna kalamu anayoishika mpasuaji, yenye ncha nyembamba. Na kuna bamba pana lenye gundi linalobandikwa mwilini mwa mgonjwa, aghalabu pajani. Mkondo hutoka kwenye jenereta, ukapita katika ncha, ukaingia mwilini, ukatoka kupitia bamba na kurudi kwenye jenereta. Mkondo unaoingia na unaotoka ni mmoja. Mbona basi ncha ikate na bamba lisichome? Jibu liko katika ukubwa wa eneo. Kwenye ncha mkondo wote umesongamana mahali padogo, hivyo maji yaliyo ndani ya seli huchemka na seli kupasuka. Kwenye bamba mkondo ule ule umetandazwa, na joto lake halisikiki. Tena uhusiano huu ni mkali kuliko unavyoonekana: msongamano wa mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa mahali hapo huongezeka mara nne. Kwa hiyo bamba likibanduka nusu, ile nusu iliyosalia haipati joto maradufu tu, bali mara nne, na hapo ndipo ngozi ya mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi huweza kuungua pasipo yeye kupiga kelele.

Ndiyo maana waundaji wametumia akili nyingi sana kwa bamba hili linaloonekana duni. Mabamba mengi ya siku hizi yamegawanywa vipande viwili. Mtambo hupitisha mkondo hafifu kati ya vipande hivyo na kupima ukinzani. Bamba likianza kubanduka, ukinzani hubadilika, king'ora hulia na mtambo hujizima. Wauguzi nao hufundishwa kulibandika penye nyama nyingi na ngozi kavu iliyonyolewa inapobidi, mbali na kovu, mbali na mfupa uliochomoza, na mbali na chuma chochote kilichowekwa mwilini. Tazama basi: king'ora chaweza kugundua bamba lililobanduka, lakini hakiwezi kujua historia ya paja la mtu. Anayeijua ni mgonjwa mwenyewe, na njia pekee ya kuipata kwake, asipokuwa na picha au kumbukumbu za hospitali, ni kumwuliza kwa maneno anayoyaelewa.

Hapa naomba tuyatazame majina, maana ndiyo taaluma yetu. Tumezoea kuamini kwamba Kiingereza kina istilahi zilizokamilika, na kwamba kazi yetu ni kukimbia nyuma yake tukitafsiri. Zana hizi zinatufundisha vinginevyo. Katika mitambo ya zamani, mkondo ulirudi kwa kupitia ardhi, na bamba likaitwa bamba la ardhi. Hatari yake ilikuwa kubwa, kwani bamba likibanduka mkondo ungeweza kuitafuta ardhi kwa njia nyingine, kama vile kidole kilichogusa chuma cha kitanda. Tangu miaka ya 1970 mitambo iliyotengwa na ardhi ilienea, na mkondo wake hauitafuti ardhi tena bali hurudi kwenye jenereta yake. Usanifu ulibadilika. Jina halikubadilika. Hadi leo, katika vyumba vingi vya upasuaji vinavyotumia Kiingereza, bamba hilo bado huitwa bamba la ardhi, nami kwa utiifu wa mfasiri nikamhamishia shangazi kosa hilo la nusu karne.

Mfano wa pili ni jina la kazi yenyewe. Wengi huichanganya na uchomaji wa chuma moto, ambao jamii zetu nyingi ziliujua tangu zamani. Katika uchomaji huo, chuma kinapashwa moto na joto lake hugusa mwili. Umeme hauingii mwilini hata kidogo. Katika zana tunazozijadili, ncha si jiko: joto huzaliwa ndani ya nyama yenyewe kwa sababu mkondo unapita humo. Anayeuchomwa kwa chuma moto hahitaji bamba. Anayepitishwa mkondo analihitaji. Majina mawili yakivurugwa, haja ya bamba nayo hupotea akilini.

Mfano wa tatu umo katika vitufe. Kalamu ya upasuaji kwa kawaida huwa na kitufe cha manjano cha kukata na cha samawati cha kugandisha damu. Kwa sikio, kukata ni ukali na kugandisha ni upole. Uhalisi wa mtambo ni kinyume cha hivyo. Mkondo wa kukata ni mfululizo na volteji yake ni ya chini kuliko ule mwingine. Mkondo wa kugandisha hutoka kwa vipindi vifupi, aghalabu takriban asilimia 6 tu ya muda, na ili ufanye kazi katika vipindi hivyo hulazimika kuwa na volteji ya juu zaidi. Volteji hiyo ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kupenya mahali palipochubuka kwenye gamba la kuhami, hasa katika zile zana ndefu za upasuaji wa matundu madogo, ambapo sehemu kubwa ya zana iko nje ya macho ya kamera. Jina la upole limevikwa kitu kikali.

Hata sisi hatujasalimika. Neno masafa, ambalo vyombo vya habari hulitumia kwa wingi wa marudio ya mawimbi, maana yake ya asili ni umbali. Lilifaa enzi za redio za masafa mafupi na masafa ya kati, kwa sababu pale lilimaanisha urefu wa wimbi. Lakini marudio yakipanda, urefu wa wimbi hushuka. Tunaposema "masafa ya juu" tunachanganya vitu viwili vinavyokwenda pande mbili tofauti. Ndiyo sababu katika makala haya nimetumia marudio, neno ambalo hata mtoto wa shule ya msingi atalielewa bila kamusi.

Funzo lililomo ni hili. Lugha iliyotangulia hubeba makosa ya safari yake. Lugha inayokuja baadaye ina fursa ya kukiita kitu kwa kazi kinayoifanya sasa. Kwa mintarafu hiyo napendekeza, kwa ajili ya mjadala, majina machache. Lile bamba tuliite bamba la kurejesha mkondo, kwa ufupi bamba rejeshi. Nilikuwa nimefikiria bamba la marejeo, lakini nikahofia kwamba wahadhiri wetu wangelitafuta mwishoni mwa tasnifu. Kile kifaa cha mkononi tukiite kalamu ya kukatia. Mikondo miwili tuiite mkondo mfululizo na mkondo wa vipindi, ili jina liseme ulivyo, wala si unavyotarajiwa kutenda. Ile zana ambayo ncha zake mbili hubana nyama na kupitisha mkondo baina yao tu, iliyotokana na kazi ya James Greenwood mwaka wa 1940 na kuendelezwa na Leonard Malis katika miaka ya 1950, tuiite koleo la ncha mbili. Nayo haihitaji bamba rejeshi, kwa sababu ncha moja inapeleka na nyingine inarejesha. Na pale tunapouliza vipandikizi, tuache neno ambalo kwa mama wengi limekwisha kuwa la upangaji uzazi. Tuulize hivi: "Umewahi kuwekewa chuma, skrubu au kifaa chochote ndani ya mwili, mahali popote?"

Zipo pingamizi, na sitazikwepa. Ya kwanza ni kwamba madaktari wetu wamesomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi hizi zitaishia rafuni kama nyingi zilizotangulia. Kazi kubwa ilikwisha kufanywa na TUKI katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka wa 1990 na Kamusi ya Tiba ya mwaka wa 2003, na bado mazungumzo ya wodini hayajabadilika sana. Nakubali. Lakini mimi sipendekezi kwamba wapasuaji waache maneno yao wanapoombana zana. Ninachodai ni maneno ya kuzungumza na mgonjwa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni sentensi za kuitimiza, na sentensi ni kazi yetu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: si kila mgonjwa anakijua Kiswahili cha kutosha. Kuna bibi wa Kidigo, kuna mzee wa Kipokot, na kumlazimisha Kiswahili ni kumbadilishia mzigo begani. Ni kweli. Lakini anayemfasiria bibi huyo aghalabu ni mjukuu aliyesoma Kiswahili shuleni. Akipewa sentensi ya Kiswahili iliyo wazi, ataweza kuivusha hadi lugha ya nyumbani. Akipewa "waya wa ardhini", atavusha hofu, kama nilivyofanya mimi.

Pingamizi ya tatu ndiyo ile niliyoahidi kuijibu: mwanafasihi abaki na fasihi yake. Jibu langu ni yale yaliyotokea wiki tatu baadaye. Safari ya pili muuguzi mkuu wa wodi, ambaye alikuwa amesikia kisa chetu, alimwita fundi anayezitunza zile mashine. Kijana huyo alikuja na kalamu kuukuu na bamba lililokwisha muda wake, akampa shangazi avishike. Kisha akamwambia: "Mama, mtoto akikukanyaga mguu kwa wayo wake, utaumia?"

"La."

"Na akikukanyaga kwa kisigino cha kiatu kile kirefu cha harusini?"

Shangazi akacheka. "Nitapiga ukwenzi."

"Uzito ni ule ule, Mama. Kimebadilika mahali unapotua. Hii ncha ndiyo kisigino, inakata. Hili bamba ndilo wayo, ndipo stima inapotokea kurudi kwa mashine. Nayo si stima ya nyumbani ya kurusha mtu. Hii inakwenda mbio mno, mwili hauwahi kushtuka. Inaacha joto tu."

Shangazi aliligeuzageuza bamba, akalipima kwa kiganja. Kisha akauliza swali ambalo fomu yote ya Kiingereza na usomi wangu wote havikuweza kulizaa: "Na hili mtalibandika wapi?"

"Pajani, Mama."

"Paja gani? Maana huku kushoto nina chuma. Niliwekewa ile ajali ya matatu."

Muuguzi alifungua faili, akaona palipoandikwa hana, akanitazama. Akakata neno hilo na kuandika upya. Sisemi kwamba shangazi angeungua. Pengine lisingetokea lolote. Nasema tu kwamba faili lilikuwa na uongo, na uongo huo niliutia mimi kwa neno moja lisilofaa, na ukatolewa na fundi mwenye tashbihi ya kiatu. Bamba lilibandikwa paja la kulia. Karibu na ile neva nyembamba inayoendesha sauti, daktari alitueleza, angetumia koleo la ncha mbili ili mkondo usisambae. Shangazi akatia alama ya kidole.

Tashbihi ile ni mali ya nani, ndugu zangu, kama si ya fasihi? Fundi yule hakuwa amesoma nadharia yoyote ya taswira, lakini alifanya kile tunachokichambua darasani: alichukua jambo lisiloonekana akalifananisha na jambo ambalo mwili wa msikilizaji unalijua. Tena alijua mipaka yake. Kisigino hakielezi joto, wala hakielezi marudio, kwa hiyo alipofika hapo aliiacha tashbihi akasema kwa maneno ya kawaida. Nimewahi kuona tasnifu ambazo haziitambui mipaka hiyo.

Nini basi kifanyike? Sina mpango mkubwa wa kitaifa. Chama chetu kina wanachama wanaotafuta mada za miradi ya mwaka wa mwisho, na vyuo kadhaa vina wanafunzi wa udaktari, uuguzi na uhandisi wa vifaa vya tiba ambao tunakula nao katika mabwalo yaleyale bila kuzungumza. Tuketi nao. Tuanze na zana hii moja na maneno yasiyozidi 30. Kwa kila neno, tuandike pia sentensi moja ya kumweleza mgonjwa na swali moja la kumwuliza. Kisha, kabla ya kuchapisha chochote, tuzisome sentensi hizo kwa watu wa sokoni na wa stendi ya matatu, tuwaombe watueleze walichoelewa. Neno likielewa vibaya na watu watano mfululizo, litupwe hata kama limeundwa na profesa. Jaribio hilo ndilo tulilokuwa tukilikwepa katika mijadala yetu ya tarakilishi, ambapo tulihukumu maneno kwa uzuri wa umbo lake na kwa heshima ya aliyeyaunda.

Siku mbili baada ya upasuaji nilimkuta shangazi ameketi kitandani, shingo imefungwa bendeji, akinong'ona maana alikatazwa kupaza sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, alikuwa amemwinamia akisikiliza. Nilisimama kando nikasikia habari za mtoto, wayo na kiatu cha harusini. Alipomaliza, yule mama alijishika goti, akasema ana kitu alichosahau kumwambia muuguzi.